Chumba cha samaki kisigeuke bafu: namna ya kudhibiti unyevu wa matanki nyumbani

Masika ya mwaka juzi mama watoto alifungua kabati akatoa doti ya khanga aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya harusi. Akaikunjua, akainusa, akaniita. "Baba Rehema, njoo unuse. Samaki wako wamehamia kabatini."

Kwenye mikunjo kulikuwa na vitone vyeusi, vidogo kama punje za ulezi, na ile harufu ya uvundo ya nguo iliyoanuliwa mbichi. Chumba cha matanki kiko ng'ambo ya koridoo. Nilikuwa nimesimamisha feni mlangoni mwake inapuliza kuelekea nje, nikijiona nimepata dawa ya fukuto. Kumbe nilikuwa nautoa unyevu kwa samaki na kuupeleka kwa mke wangu.

Nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, matanki saba kwenye chumba cha mita 3 kwa 4, Dar es Salaam. Shemeji yangu naye anafuga Arusha, na mengi ninayoyaeleza hapa nimeyajua kwa sababu ushauri uliomfaa yeye ulinitia hasara mimi. Ukisoma popote kuhusu unyevu, jiulize kwanza mwandishi anaishi wapi.

Kabla ya hatua zenyewe, shika hesabu moja. Hewa hubeba maji machache kuliko tunavyodhani. Kwenye nyuzi joto 28, mita moja ya ujazo ya hewa hujaa kabisa ikiwa na gramu 27 hivi za maji. Chumba changu kina mita za ujazo 32. Maana yake hewa yote ya chumba kile, hata ingeshiba mpaka ikome, haifiki lita moja ya maji. Matanki yangu yakiwa wazi yalikuwa yanapoteza lita 8 kila siku. Hayo maji lazima yaende mahali: ukutani, darini, kwenye mbao, kwenye khanga za watu.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Nunua vipima unyevu viwili vidogo vya betri. Kimoja kiweke usawa wa kifua, mbali na tanki kwa hatua moja au mbili. Cha pili kifunge juu kabisa, kwenye kona ya ukuta wa nje, kwa sababu kuvu huanzia huko.

Vipima vya bei nafuu hudanganya, wakati mwingine kwa alama kumi nzima. Vijaribu kwa chumvi ya jikoni. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza chumvi, dondoshea maji kidogo kidogo mpaka iwe kama mchanga mbichi wa ufukweni, isiwe dimbwi. Weka kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya kontena la chakula linalofunga vizuri, chumvi isiguse kipimo, kisha liache mahali pasipo na jua mpaka kesho yake. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo chako kikisoma 69, andika "+6" kwa kalamu mgongoni mwake na uendelee nacho.

Andika namba asubuhi na jioni kwa wiki moja, ya ndani na ya nje. Kuvu huota pale uso wa ukuta au ubao unapokaa kwenye asilimia 80 na kupanda kwa siku kadhaa mfululizo. Ushauri wa kawaida unasema chumba kikae chini ya 60. Arusha, Iringa au Nairobi hilo linawezekana. Pwani bila kiyoyozi ni ndoto, kwa hiyo mimi lengo langu ni jingine: chumba cha samaki kisizidi hewa ya barazani kwa zaidi ya alama tano.

Hatua ya 2: Mtafute mwizi wa kweli

Nyumba nyingi za pwani hupandisha maji kutoka ardhini kupitia msingi, na mwenye samaki hulaumiwa bure. Kata kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi wa karatasi pande zote nne, kaza vizuri. Baada ya siku mbili kitazame. Matone yakiwa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Mwite fundi ujenzi, matanki yako hayana kosa. Matone yakiwa juu ya nailoni, unatoka hewani, na hapo ni wewe.

Sasa pima tanki linatoa kiasi gani. Bandika kipande cha utepe huo kwenye kioo, ukingo wake wa juu uwe sawasawa na uso wa maji. Usiongeze maji kwa siku tano. Kisha pima yameshuka milimita ngapi. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja kwenye uso wa mita moja ya mraba ni lita moja. Tanki la sentimita 120 kwa 45 lina uso wa mita za mraba 0.54, likishuka sentimita moja, limetoa lita 5.4.

Matanki yangu saba kwa jumla yana uso wa mita za mraba 3.42. Yalishuka milimita 12 kwa siku tano. Nilipopiga hesabu nilikaa kitini.

Hatua ya 3: Funika

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukiishia kusoma hatua hii tu na ukaifanya, umemaliza robo tatu ya tatizo. Mimi sikuanzia hapa. Nilianza kwa kununua mashine, nitakueleza baadaye ilivyonitenda.

Anza na jaribio lisilo na gharama. Tandaza nailoni ya kufungia vyakula juu ya matanki kwa siku tatu, acha upenyo mdogo pembeni, na usome kipimo. Ukiona namba imeshuka, sasa una sababu ya kwenda kwa fundi vioo.

Mwambie fundi akukatie kioo cha milimita 4 kwa tanki dogo, milimita 5 au 6 kikivuka sentimita 60 bila mhimili katikati, na asugue makali yote. Kwa kila tanki agiza vipande viwili: cha nyuma kikubwa kisichoguswa ovyo, cha mbele chembamba cha kufunua wakati wa kulisha. Kwenye kona moja ya nyuma akate pembe ya sentimita tatu hivi kwa ajili ya nyaya na mipira ya hewa. Kishikio ni kipande cha kioo au kitasa cha plastiki kilichogandishwa kwa silikoni.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui: kifuniko kikae ndani ya ukingo wa tanki, kisilale juu ya ukingo. Gandisha vijipande vya kioo ndani, sentimita mbili chini ya ukingo, kifuniko kivilalie. Kikilala juu ya ukingo, matone yanayojikusanya chini yake hutambaa mpaka pembeni, hushuka kwa nje, na baada ya mwezi utaona mstari mweupe wa chokaa ukiteremka kwenye kioo kama machozi yaliyokauka, unaishia kwenye mbao ya meza. Kikikaa ndani, tone likinenepa linarudi kwenye maji yake.

Kama kioo ni kizito au una watoto, karatasi za polikaboneti zenye matundu ndani ni nzuri: nyepesi, hazivunjiki. Ziba matundu ya pembeni kwa silikoni la sivyo mwani utaota humo na huwezi kuusugua. Akriliki nyembamba sikushauri. Hunywa maji upande mmoja ikajipinda kama papadi.

Watu huuliza kama samaki watakosa hewa. Hawatakosa, mradi pampu ya hewa au filta inachezesha uso wa maji na ile kona iko wazi. Tena kwa sisi tunaofuga Cyprichromis kifuniko ni lazima, samaki wale huruka. Wawili nimewaokota sakafuni wamekauka kama dagaa.

Kinachokuja na kifuniko ni joto. Kila lita moja inayokauka huondoka na joto linalokaribia uniti 0.7 ya umeme, na joto hilo hutolewa kwa maji yenyewe na hewa ya chumba. Ndiyo sababu tanki lililo wazi huwa na ubaridi kidogo kuliko chumba. Ukilifunika, unalinyima jasho lake, na maji hupanda nyuzi moja au mbili. Arusha hiyo ni neema: hita inapumzika, uniti za LUKU zinabaki. Dar mwezi wa Februari ni hatari. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa kati ya nyuzi 25 na 28 hivi, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Kwa hiyo ukifunika huku pwani, chomoa hita kabisa, weka taa za LED badala ya zile ndefu za zamani zinazochemka, na angalia kipimajoto saa tisa alasiri, siyo asubuhi. Kwenye zile wiki chache kali mimi hufunua kipande cha mbele cha matanki mawili yenye samaki wasiopenda joto, nikakubali unyevu kupanda kidogo. Samaki kwanza, dari baadaye.

Baada ya vifuniko nilirudia jaribio la siku tano. Maji yalishuka milimita 2. Kutoka lita 8 kwa siku mpaka lita moja na nusu, na sikuwasha kitu chochote.

Faida nyingine sikuitegemea. Maji yakikauka, chumvi na chokaa hubaki. Kama unajaza kwa maji ya kisima yenye chumvi, na visima vya chumvi huku kwetu ni vingi, kila ndoo ya kufidia inazidisha ukali wa maji. Kikipungua kinachokauka, hiyo nayo inapungua.

Hatua ya 4: Punguza kutimuka kwa maji

Jiwe la hewa linalotoa mapovu makubwa hurusha chembe za maji kila povu linapopasuka. Washa tochi usiku, imulike kwa ubavu juu ya tanki, utaona vumbi la maji linaruka kama mafuta ya kukaangia. Punguza hewa kwa vali, au tumia jiwe la mapovu madogo, au geuza mdomo wa filta utoe maji chini kidogo ya uso badala ya kumwaga kama maporomoko. Uso wa maji uwe unachezacheza, usiwe unachemka.

Na ile feni ya kupoza maji, inayopuliza juu ya tanki? Inafanya kazi, hupoza kwa kukausha, lakini kila nyuzi inayoshusha umeilipa kwa lita za maji hewani. Iwashe wakati wa dharura ya joto tu.

Ndoo za maji yanayosubiri kubadilishwa nazo zifunike. Matambara mabichi yasianikwe humo. Siku ya kubadilisha maji, kausha sakafu kabla ya kutoka.

Hatua ya 5: Kabla ya kufungua dirisha, fanya hesabu

"Shem, fungua tu dirisha, hewa izunguke," shemeji aliniambia kwa simu. Kwake ni kweli. Julai usiku Arusha nje kukiwa na nyuzi 12 na unyevu wa asilimia 85, ile 85 inatisha ukiisoma, lakini hewa baridi haibebi kitu: ni gramu 9 tu za maji kwa mita ya ujazo. Chumba chake chenye nyuzi 25 na asilimia 60 kina gramu karibu 14. Kila mita ya ujazo ya hewa anayoitoa nje inaondoka na gramu 5. Akitaka kutoa lita 5 kwa siku, anahitaji kubadilisha mita 1,000 za ujazo kwa siku, yaani kama 42 kwa saa. Kifeni kidogo cha chooni kinaweza hilo bila kutoka jasho.

Sasa njoo Dar. Mchana nje kuna nyuzi 31 na asilimia 60: gramu 19. Usiku nyuzi 24 na asilimia 90: gramu 19 na kitu, ile ile. Asilimia imepanda na kushuka lakini maji yaliyomo hewani hayajabadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa chombo. Masika, nje kukiwa na nyuzi 28 na asilimia 80, ni karibu gramu 22. Ukifungua dirisha siku hiyo wakati chumba chako kimefungwa na matanki yamefunikwa, unaingiza maji, hutoi.

Basi kanuni ninayoifuata ni hii. Pwani, kiangazi na kipupwe, fungua mchana upepo ukivuma. Masika funga, na siku mvua inaponyesha usiguse dirisha. Nyanda za juu, toa hewa wakati wowote, hasa usiku na alfajiri, ila ujue unaitoa pamoja na joto ulilolipia, kwa hiyo matanki yawe yamefunikwa tayari.

Feni iwe ya kutoa, siyo ya kuingiza, na itoe nje ya nyumba. Ifungwe juu ya ukuta wa nje, kwa sababu hewa ya moto yenye maji hupanda. Mlango uwe upande wa pili, na chini yake uache nafasi ya sentimita moja au mbili ili hewa kavu ivutwe kutoka ndani ya nyumba. Hapo chumba cha samaki kinavuta, hakisukumi, na uvundo hauendi vyumbani. Kama mfuko unaruhusu, tafuta swichi ya feni inayojiwasha kwa unyevu. Ipange iwake kwenye 70 na kuzima kwenye 62. Arusha iko hivyo na shemeji ameisahau kwamba ipo. Pwani swichi hiyo haina akili, masika itazungusha feni usiku kucha inaingiza maji kutoka nje, kwa hiyo mimi nawasha kwa mkono.

Hatua ya 6: Mashine, kwa mwenye ulazima

Nilikwambia nilianzia kwenye mashine. Nilinunua ya kukausha hewa, ya wati 300, muuzaji akaniapia kwamba itamaliza kila kitu. Matanki yote yalikuwa wazi. Ilinyonya kwelikweli, nikawa namwaga ndoo kila asubuhi kwa furaha. Ila kadiri ilivyokausha hewa, ndivyo matanki yalivyozidi kutoa maji, maana hewa kavu ina kiu. Na mashine zile zinarudisha chumbani joto lote la mvuke zinaougeuza kuwa maji, pamoja na joto la umeme wake yenyewe. Siku ya nne chumba kilikuwa na nyuzi 33, Tropheus wamejazana juu wanahema, na LUKU inapiga kelele. Saa 12 za mashine ile ni uniti 3.6. Nikaizima, nikaenda kwa fundi vioo.

Leo ninayo bado, na ninaipenda. Nikishafunika, kuiwasha kwa muda wa saa tatu au nne usiku wakati wa masika kunatosha. Ukinunua, elewa kwamba "lita 20 kwa siku" iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni kwa hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa 80. Chumba kikiwa kikavu zaidi au baridi zaidi itatoa pungufu sana. Chagua yenye mpira wa kumwaga maji nje, ndoo ikijaa hujizima na wewe uko kazini. Nyanda za juu, ambako joto lake linakaribishwa, ni kifaa kizuri kuliko huku.

Kiyoyozi kinakausha pia, na pwani ndicho kinachokausha huku kikipoza. Kwa chumba kama changu, cha BTU 9,000 kinatosha. Kikubwa mno ni kosa: hupoza haraka, hujizima, mvuke haujapata muda wa kugeuka maji kwenye koili, unabaki na chumba baridi chenye majimaji. Tumia ile hali ya kukausha yenye alama ya tone, weka nyuzi 26 au 27, usishushe chini ukalazimisha hita za matanki kuwaka kushindana nacho. Ukitaka kujua kinafanya kazi gani, kinga ndoo chini ya mpira wake wa nje uone lita ngapi kwa usiku. Maji hayo mwagilia maua. Yamepita kwenye shaba na vumbi, usiyatie kwenye tanki.

Makopo ya chembe za kunyonya unyevu, mifuko ya mkaa, bakuli la mchele: kopo moja hunyonya robo au nusu lita likashiba. Yaweke ndani ya kabati la nguo, yatasaidia. Chumbani mwa samaki ni kutega mvua kwa kijiko.

Hatua ya 7: Ukuta, dari na meza

Usibanie tanki ukutani. Acha sentimita 10 nyuma yake hewa ipite. Nyuma ya tanki lililobana ndiko kuvu hujificha mpaka siku unahama.

Angalia ukuta unaopakana na chumba chenye kiyoyozi. Kwetu kabati la khanga limeegemea ukuta wa koridoo, ng'ambo yake chumba kinapozwa mpaka nyuzi 20. Hewa ya nyuzi 28 yenye asilimia 75 huanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 23. Ukuta ule ulikuwa unatoa jasho kimyakimya kila usiku, na feni yangu ilikuwa inauletea maji. Tulipandisha kiyoyozi kikawa 25, tukasogeza kabati, mambo yakatulia.

Dari ya jipsamu juu ya matanki wazi haidumu. Huanza na vivuli vya kijivu kwenye maungio, kisha hulegea. Kama ndiyo unajenga, weka mbao au plastiki. Kama ipo tayari, ipake rangi ya mafuta inayofutika. Kwenye ukuta hivyohivyo, rangi ya mafuta au ya kung'aa. Chokaa na rangi za maji nafuu hunywa. Meza ya ubao wa maranda yaliyogandishwa hufura pembeni kama mkate ulioloweshwa, na tanki la lita 300 juu yake siyo jambo la mzaha. Mninga, au matofali na zege. Vyuma vipakwe rangi ya kuzuia kutu na midomo ya mabomba izibwe.

Umeme nao: kila waya unaotoka kwenye tanki uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone linalotambaa lidondoke pale chini pa kitanzi na lisiifikie soketi. Ekstensheni isilale sakafuni. Mwambie fundi akufungie kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachojizima umeme ukivuja.

Hatua ya 8: Kuvu ikishaota

Usiisugue kavu, utairusha chumba kizima. Vaa barakoa, futa kwa kitambaa kibichi chenye sabuni, kisha dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, acha dakika kumi, futa, kausha kwa feni. Klorini usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya chooni, hutoa gesi inayochoma mapafu. Jipsamu iliyooza ndani haioshwi, inakatwa.

Kabla ya yote hayo, zima pampu ya hewa na funika matanki. Pampu huvuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji, pamoja na kila kilichomo. Ndivyo watu wanavyoua samaki kwa dawa ya mbu au kwa rangi mpya ya ukuta, halafu wanalaumu chakula. Filta iendelee kuzunguka, nusu saa bila mapovu haina madhara. Fungua madirisha mpaka harufu iishe ndipo uwashe tena.

Na chakula chenyewe kisikae juu ya kifuniko cha tanki, mahali ambapo wote tunakiweka. Hapo ndipo pabichi kuliko pote nyumbani. Gawa kopo kubwa katika vikopo vya wiki mbili mbili, kimoja kiwe mkononi pamoja na kile kifuko kidogo cha chembe za kukausha kinachokuja na viatu vipya, vingine vifunge vizuri uviweke kwenye friji. Chakula kikianza kushikana vidonge, au kikinuka kama lile kabati letu, kitupe.